Naipenda Kenya, Lakini Niliruka Foleni



Mchungaji wa vijana alituomba sisi wanafunzi tuandike kitu kuhusu kuipenda nchi. Nilikubali haraka kwa sababu niliona ni kazi rahisi. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya viongozi, ushuru, karo, na hii barabara yetu ya kuja kanisani ambayo mvua ikinyesha tunavua viatu. Lakini nilipokaa chini na kalamu, Roho Mtakatifu akanikumbusha jambo moja ambalo watu wachache sana wanalijua. Nilijaribu kuandika bila kulitaja, nikashindwa. Kwa hivyo wacha nianze nalo.

Mwaka jana, matokeo ya KCSE yalipotoka, nilihitaji kitambulisho. Mnajua wenyewe, kijana bila kitambulisho Kenya hii ni nusu mtu. Huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kupiga kura. Watu wakiniuliza haraka ni ya nini, nilikuwa nawajibu kwamba nataka kujiandikisha mapema kama mpiga kura, nisubiri Agosti 2027 nikiwa tayari. Hiyo ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Kilichonikimbiza zaidi ni mkopo wa HELB. Niliogopa nafasi ya chuo ije nikose pesa ya kuingilia.

Nilifika ofisini siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, nikakuta foleni imezunguka jengo. Wengine walikuwa hapo tangu saa kumi na moja alfajiri. Mbele yangu alikuwa shosho mmoja mwenye leso ya kijani. Alikuwa ametoka mbali, kwa miguu kwanza halafu kwa matatu. Kitambulisho chake kilipotea akirudi sokoni, na bila hicho hangeweza kufuatilia pesa za wazee, zile za Inua Jamii, elfu mbili kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Tulisimama pamoja saa mbili nzima. Aliniuliza nasoma wapi, akanigawia nusu ya ndizi yake.

Mnamo saa sita akaja jamaa mmoja akipita kando ya foleni polepole, anatazama nyuso za watu. Alipofika kwangu akainama akasema, "Kijana, utalala hapa?" Nikamwuliza ni ngapi. Akasema mia tano. Nilikuwa nayo. Nikamwambia shosho kwamba naenda msalani, narudi sasa hivi. Nikaikunja noti ndani ya nakala ya cheti cha kuzaliwa, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Ndani ya dakika ishirini nilikuwa nimepigwa picha na kuwekwa alama za vidole. Ndani humo niliwaona wengine wanne walioingia kwa mlango huo huo.

Nikaenda zangu kula chipsi. Saa kumi jioni, nikiwa steji, namwona shosho anakuja na mfuko wake wa karatasi. Alikuwa hajahudumiwa. Askari wa mlangoni alikuwa ametangaza kwamba kazi ya siku hiyo imekwisha, warudi Jumatatu. Yeye alikuwa amebakisha watu watatu tu afike mlangoni.

Aliponiona, akafurahi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, ulienda wapi? Nilikushikia nafasi yako mpaka wenzetu wakaanza kunigombeza."

Nikasema nilipata mtu akanisaidia. Akashika mkono wangu, akasema, "Mungu ni mwema. Angalau mmoja wetu amefaulu."

Wapendwa, fanyeni hesabu wenyewe kama nilivyoifanya mimi ndani ya ile matatu. Tuliopita kwa mlango wa nyuma na ninaojua mimi ni watano. Yeye alibakisha watu watatu.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na maneno ya kujitetea, na sitaki kuyaficha, kwa sababu nadhani wengi wetu tunayajua. La kwanza ni kwamba kila mtu anafanya hivyo. La pili, serikali yenyewe imeoza, na mimi ni mtoto wa maskini, nifanyeje? La tatu ndilo lililonidanganya zaidi: nia yangu ilikuwa nzuri. Nilitaka kusoma. Nilitaka kupiga kura niwaondoe wezi.

Hebu sikieni jinsi hilo la tatu linavyosikika. Nilimpa mtu hongo ili nipate karatasi ya kuwaondoa wanaokula hongo.

Kuna Sheria ya Hongo tuliyonayo tangu mwaka 2016. Katika sheria hiyo anayetoa ana kosa, na anayepokea ana kosa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, nikaona inamwonea mwananchi. Leo naona imesema jambo ambalo Biblia ilishalisema. Kutoka 23:8 inatuonya kwamba rushwa huwapofusha hata wenye macho mazuri. Mimi nilimtazama shosho usoni saa mbili nzima, lakini nilipoingia mlango wa nyuma sikumwona tena. Nilimwona tena steji, ilipokuwa imechelewa.

Sasa kuna swali ambalo vijana wenzangu wataniuliza, na ni swali zuri. Je, kila sheria ni ya kutiiwa? Hatujawahi kuwa na sheria mbaya hapa Kenya?

Tumewahi, na mojawapo ilihusu kitambulisho hiki hiki. Babu yangu akisikia habari za foleni ya kitambulisho hucheka, lakini si kicheko cha furaha. Baba yake alivaa kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri asipoitia sahihi, huendi popote. Ilikuwa sheria, imeandikwa, ina mhuri, na ilikuwa dhuluma.

Mimi sasa nasoma Nairobi, na mara nyingi napita barabara iliyopewa jina la Harry Thuku. Huyo alikuwa kijana aliyesimama mbele ya watu akapinga kipande, ushuru wa nyumba, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, risasi zikapigwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwa mwanamke anayeitwa Mary Muthoni Nyanjiru. Nikipita hapo nikiwa na kitambulisho changu mfukoni, naona aibu kidogo. Wao walikataa ile karatasi ya shingoni hadharani, na wakalipa kwa damu. Mimi niliitafuta yangu kwa siri, na bili nikamwachia shosho.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa Danieli. Tunapenda kuhubiri habari za simba, lakini someni tena sura ya 6, mstari wa 10. Mfalme Dario alikuwa ametia sahihi amri kwamba kwa siku 30 mtu yeyote asiombe kwa mungu mwingine wala mwanadamu mwingine ila kwa mfalme. Danieli alijua kwamba amri imetiwa sahihi. Akaenda nyumbani, akapanda chumbani mwake ambako madirisha yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama ilivyokuwa desturi yake. Angeweza kufunga dirisha. Hakufunga. Na adhabu ilipokuja, ilimpata yeye, si jirani yake.

Mtu anaweza kuniambia, mbona wakunga wa Misri, Shifra na Pua, walimdanganya Farao? Ni kweli, wao walificha. Lakini angalieni ni nani aliyefaidika na ni nani aliyekuwa hatarini. Waliofaidika ni watoto wa watu wengine. Waliokuwa hatarini ni wakunga wenyewe.

Kwa hivyo nimejiwekea maswali mawili, na ninawapa na ninyi. Ukitaka kuvunja sheria, jiulize kwanza: anayefaidika ni nani? Halafu: anayelipa ni nani? Ikiwa anayefaidika ni mnyonge na anayelipa ni wewe, huenda uko upande wa Danieli na wakunga. Ikiwa anayefaidika ni wewe na anayelipa ni mtu aliye nyuma yako kwenye foleni, huo si ujasiri wala si mapambano. Huo ni wizi, hata kama ofisi yenyewe imeoza.

Nataka pia kusema neno juu ya Warumi 13, kwa sababu najua linatugawanya nyumbani. Juni 2024 mimi nilikuwa kidato cha nne, lakini binamu yangu alikuwa Nairobi, na tarehe 25 aliingia barabarani na vijana wengine kupinga Mswada wa Fedha. Alibeba bendera na chupa ya maji. Alirudi salama. Kuna wazazi Kenya hii ambao wao walimngoja mtoto wao, na hakurudi. Wiki hiyo nyumbani kwetu chakula hakikuliwa kwa amani. Mjomba akifungua Warumi 13, kwamba kila mtu atii mamlaka. Binamu akijibu kwa Matendo 5:29, kwamba tunapaswa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kila mmoja alikuwa na mstari wake, na hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake.

Mimi nimeisoma Warumi 13 tena taratibu. Haisemi tu kwamba mwananchi atii. Inasema pia mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu, yupo kwa ajili ya wema wetu. Mtumishi akimwumiza yule aliyetumwa kumhudumia, mstari huo huo unamwuliza yeye. Na katika nchi yetu sheria kubwa ni Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Kwa hivyo kijana aliyetembea na bendera na chupa ya maji hakuwa anaasi sheria. Alikuwa anaitumia. Aliyemfyatulia risasi kijana asiye na silaha ana la kujibu, mbele ya sheria na mbele za Mungu. Na yule aliyevunja duka la mtu siku hiyo akabeba viatu huku akiimba Kenya, huyo naye aliingia kwa mlango wangu wa nyuma. Alitumia jina la nchi kuchukua kitu cha jirani.

Uzalendo basi ni nini? Tangu shule ya msingi nimesimama mbele ya bendera, mkono kando, nikaimba kwa sauti. Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza mbio za marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, nilikuwa mtoto, nikaruka kwenye kiti nikalia machozi. Sioni ubaya wa machozi hayo. Lakini yalinigharimu nini? Hakuna. Kipchoge alikimbia, mimi nikalia. Kuipenda Kenya inaposhinda ni rahisi kama kumpenda jirani anapoleta pilau.

Katiba yetu, kifungu cha 10, inaorodhesha maadili ya taifa, na inaweka uzalendo na utawala wa sheria ndani ya orodha moja. Zamani nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti, moja la moyo na lingine la korti. Sasa naona ni jambo moja. Kenya si ramani tu. Kenya ni wale watu ambao siwajui majina, ambao wamesimama nyuma yangu wakiamini kwamba zamu yao itafika. Sheria ya foleni ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho shosho. Hakuwa na mia tano. Hakuwa na mtu ndani. Alikuwa na nafasi yake tu. Tajiri anaweza kuishi bila sheria kwa sababu ana pesa, na mwenye nguvu kwa sababu ana nguvu. Mnyonge akiondolewa sheria, anabaki na nini?

Wale waliokuwa watu wazima mwaka 2004 wanakumbuka sheria za marehemu John Michuki za matatu: mishipi, vidhibiti mwendo, abiria kwa idadi ya viti. Wazazi wangu wanasema watu walinung'unika sana, na nauli zikapanda. Lakini mshipi haukuwekwa ili kumsumbua makanga. Uliwekwa kwa ajili ya mtoto aliyelala kwenye paja la mama yake. Leo tunaingia matatu iliyojaa, tunaketi kwenye kambi, tunamwambia makanga "songa twende", halafu ajali ikitokea tunaiuliza serikali iko wapi. Serikali iulizwe, ndiyo. Lakini na mimi niliyekaa kwenye kambi niulizwe.

Nilimweleza mama yangu Jumapili baada ya ibada. Hakunipiga kelele. Aliniuliza tu, "Huyo mama anarudi lini?" Nikasema Jumatatu. Akasema, "Basi na wewe unarudi Jumatatu."

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikasubiri langoni. Shosho alikuja saa mbili, leso ile ile. Nikamwambia yote: msalani haikuwa kweli, mia tano, mlango wa nyuma, watu watano. Nilikuwa nimejiandaa anitukane au anisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa haraka. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na wale waliokuwa nyuma yangu?"

Sikuwa nimewafikiria kabisa. Nilidhani nimemkosea mtu mmoja. Nyuma yake kulikuwa na watu labda arobaini.

Nikatoa nauli niliyokuwa nimetenga ili nimrudishie. Akaichukua, kwa sababu alikuwa ameitumia na hakuwa tajiri wa kukataa. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini wewe unajua kusoma. Hizi fomu zinatusumbua." Nikaketi kwenye jiwe kando ya foleni, nikajazia watu fomu. Yake kwanza, halafu ya mzee mmoja, halafu ya msichana aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nilimaliza saa nane. Jamaa wa mia tano alipita mara mbili, akanitazama, akaendelea na biashara yake. Siwezi kuwadanganya kwamba ofisi ilibadilika siku hiyo. Haikubadilika. Lakini shosho aliingia kwa mlango wa mbele, kwa zamu yake, na akatoka akinipungia mkono.

Zakayo katika Luka 19 hakuishia kusema samahani. Alisema atarudisha mara nne. Na kabla yake, Luka 3, watoza ushuru na askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Yohana hakuwaambia waache kazi wakaishi jangwani. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari wasimdhulumu mtu bali waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alipewa jibu la pale pale anapofanyia kazi.

Kwa hivyo wanafunzi wenzangu, la kwetu ni lipi? Tusimtilie mwenzetu sahihi darasani akiwa amelala hosteli. Tusichukue basari ya mtoto yatima kwa sababu mjumbe wa kamati ni mjomba. Tujiandikishe kupiga kura, na mtu akitupa mia mbili ya kampeni tumwambie hapana. Kaunti ikiita mkutano wa wananchi kuhusu bajeti, twende, hata kama viti ni vichache na spika inakwaruza. Ofisi ikidai hongo, turipoti. Na ikiwa tunaogopa, twende wawili wawili. Na sisi kama kanisa, siku mgeni mkubwa akileta bahasha nene ya ujenzi, tusione aibu kuuliza imetoka wapi. Isije ikawa ni nafasi za watu kwenye foleni ndizo tunajengea madhabahu.

Nimejiandikisha kupiga kura kwa kitambulisho hicho. Kila nikikitoa mfukoni naona picha yangu ya siku ile, kijana aliyevaa shati safi na anayetabasamu kidogo. Sijakitupa, kwa sababu kinanifundisha.

Tuombe. Baba, tunaiombea Kenya. Tunaomba viongozi wanaokuogopa. Lakini kabla hujaanza nao, anza na sisi. Tuonyeshe watu walio nyuma yetu. Tupe ujasiri wa kupinga dhuluma madirisha yakiwa wazi, na utupe aibu tunapopita mlango wa nyuma. Utusaidie kurudisha tulichochukua. Katika jina la Yesu, Amina.